Nasaba za wafalme wa kale zisigeuzwe kuwa tarehe

Mhariri,

Kwa muda sasa kurasa zako za barua zimekuwa uwanja wa mabishano makali kuhusu asili ya koo za magharibi mwa Kenya: nani alimzaa nani, ukoo upi ulitangulia kufika ziwani, na ni mwaka gani hasa Ramogi aliweka makao katika mlima unaobeba jina lake kule Bondo. Waandishi wengi huzitumia orodha za mababu kana kwamba ni hati za kuzaliwa, na wachache wanaowapinga huzitupa zote kuwa hekaya tupu. Naomba nafasi nizipinge pande zote mbili, na nifanye hivyo kwa ushahidi wa mbali kidogo, yaani nasaba za wafalme zilizomo katika vitabu vya kale vya Wahindu.

Watu wanaojihesabu kuwa uzao wa wafalme hao ni majirani zetu. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa Kisumu mwaka 1901 kwa jasho la vibarua wapatao 32,000 kutoka India, na wafanyabiashara wa Kigujarati wakafungua maduka katika miji iliyozaliwa kandokando yake. Lakini sababu yangu kubwa si ujirani. Wahindu wana kitu ambacho sisi hatunacho: tungo za matabaka mbalimbali, zilizopishana kwa mamia ya miaka, ambazo zinataja majina yale yale. Msomaji anaweza kulifungua tabaka la zamani na lile lililofuata, akaona kwa macho yake jinsi jina la kabila linavyogeuka kuwa jina la mfalme.

Nianze na mfalme Yayati, ambaye kisa chake kimo katika kitabu cha kwanza cha Mahabharata, utenzi ambao kwa mapokeo una beti laki moja. Yayati ni wa Nasaba ya Mwezi. Mwezi alimzaa Budha; Budha akampata Pururavas kwa Ila, mtoto wa Manu aliye baba wa wanadamu; kisha wakafuata Ayu na Nahusha, na Nahusha ndiye aliyemzaa Yayati. Mfalme huyu alikuwa na wanawake wawili. Wa kwanza, Devayani, alikuwa binti wa kuhani Shukra, na alizaa wana wawili, Yadu na Turvasu. Wa pili, Sharmishtha, alikuwa binti wa mfalme wa Asura, mahasimu wa miungu, lakini aliingia katika nyumba hiyo akiwa mtumishi wa Devayani, na Yayati akazaa naye kwa siri wana watatu: Druhyu, Anu na Puru. Siri ilipofichuka, Shukra alimlaani mkwewe azeeke papo hapo, ila akamruhusu kuubadilisha uzee huo kwa ujana wa yeyote atakayekubali kwa hiari. Yayati akawaendea wanawe mmoja mmoja. Yadu alikataa, na Turvasu, na Druhyu, na Anu. Kila mmoja akapewa laana yake. Puru, mtoto wa mwisho wa mama asiye na cheo, alikubali kuubeba uzee wa baba yake kwa miaka elfu moja, na muda ulipotimia akarudishiwa ujana na kukabidhiwa ufalme.

Msomaji aliyelelewa katika boma la Kijaluo hahitaji kufafanuliwa mambo haya. Anaijua nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza, na nyumba ya nyachira, mke wa pili, anajua jinsi ukoo unavyogawanyika kwa kufuata milango ya akina mama, na anajua kwamba mtoto wa mwisho ndiye anayebaki katika boma la baba. Hata ndani ya kisa chenyewe raia walimjia Yayati, wakiongozwa na makuhani, wakamuuliza inawezekanaje mzaliwa wa kwanza aliye mjukuu wa Shukra kurukwa na ufalme kupewa mdogo. Mtunzi alijua kwamba swali hilo lingeulizwa, akaliweka humo na kulijibu, kwa sababu waliomsikiliza walikuwa na haki zao za kutetea.

Kisha kinafuata kile ambacho kisa kilitungwa kukisema. Kwa Yadu walitoka Wayadava, ambao ni watu wa mungu Krishna. Kwa Puru walitoka Wapaurava, na miongoni mwao wakazaliwa Bharata, na baadaye Kuru, na hatimaye wale binamu waliopigana vita vikuu katika uwanja wa Kurukshetra. Kwa Druhyu walitoka Wabhoja, kwa Anu yakatoka makabila yaliyohesabiwa kuwa ya kigeni, na kwa Turvasu walitoka Wayavana. Naomba msomaji atulie hapo kwenye Wayavana. Hilo ndilo jina ambalo Wahindi waliwaita Wagiriki, na chimbuko lake ni moja na hili letu la Wayunani. Alexander alifika na jeshi lake kwenye mito ya Punjab mwaka 326 KK, na baada yake Wagiriki walitawala sehemu za kaskazini-magharibi kwa vizazi kadhaa. Watunzi wa nasaba hawakuwaacha wageni hao nje. Waliwatafutia mahali chini ya mwana aliyelaaniwa, wakawa ndugu, ila ndugu wasio na haki ya kiti.

Sasa tushuke kwenye tabaka la zamani. Rig Veda, mkusanyiko wa nyimbo za ibada 1,028, ni kongwe kuliko Mahabharata kwa mamia ya miaka, na wanazuoni wengi huuweka kati ya mwaka 1500 na 1000 KK. Majina yale matano yamo humo. Wimbo wa 108 wa kitabu cha kwanza unayataja kwa pamoja, ukiwaomba miungu Indra na Agni waje kutoka kwa yeyote kati ya hao ambako huenda wapo. Lakini humo hayo ni majina ya makabila, yenye mifugo yao, farasi wao na makuhani wao. Hakuna wimbo unaosema kwamba watu hao walikuwa ndugu, wala kwamba Yayati alikuwa baba yao, ingawa Yayati mwenyewe anatajwa kuwa mtoa sadaka wa zamani.

Zaidi ya hayo, wimbo wa 18 wa kitabu cha saba unasimulia vita vya wafalme kumi, vilivyopiganwa kwenye mto Parushni, ambao leo unaitwa Ravi. Mshindi ni Sudas, mfalme wa Wabharata, na miongoni mwa walioshindwa ni Wapuru, Waanu na Wadruhyu. Kwa hiyo Wabharata na Wapuru ni mahasimu waliomwagiana damu. Ukirudi kwenye Mahabharata hutauona tena uhasama huo. Bharata amekuwa mtu mmoja, mwana wa mfalme Dushyanta na Shakuntala, na Dushyanta ni wa uzao wa Puru. Kabila lililoshinda limefanywa kuwa mjukuu wa kabila lililoshindwa. Wanahistoria hueleza kwamba makabila hayo mawili yaliungana baadaye katika dola la Wakuru, na mimi naona kwamba watu walioungana namna hiyo walihitaji mzee mmoja ambaye pande zote zingeweza kumwita babu bila aibu. Jina lenyewe lingali hai: ibara ya kwanza ya Katiba ya India, iliyoanza kutumika mwaka 1950, inaiita nchi hiyo kwa majina mawili, India na Bharat.

Nikisema hivi simwiti mtunzi yeyote mwongo. Kazi aliyoifanya ilikuwa nzito kuliko kuandika mwaka wa tukio. Alikuwa anaeleza nani ana haki ya kuketi na nani, nani wapigane na nani wasipigane, kiti kiko kwa nani, na mgeni aliyekaa muda mrefu apewe mlango upi. Orodha ya mababu ilikuwa sheria ya nchi kwa watu ambao hawakuwa na gazeti la serikali.

Nasaba ya Jua inatufundisha jambo la pili, ambalo linawahusu hasa wale wanaopenda kuzidisha vizazi kwa miaka ili wapate tarehe. Nasaba hii huanzia kwa Ikshvaku mwana wa Manu, na makao yake ni Ayodhya. Rama, aliye maarufu kuliko wote katika ukoo huo, huitwa Raghava kwa kuwa ni wa uzao wa Raghu, na pia Kakutstha kwa jina la babu mwingine. Katika Ramayana, utenzi wa Valmiki unaosimulia habari za Rama, nasaba yenyewe husomwa na kuhani Vasishtha mbele ya mfalme Janaka, wakati wa kumposea Rama binti wa Janaka, Sita, na Janaka naye hujibu kwa kutaja mababu zake. Wazee wetu waliokwenda kuposa Vihiga au Ugenya walifanya jambo lile lile, na kwa sababu ile ile: kujua kama damu imewahi kukutana.

Basi katika orodha hiyo ya Vasishtha, Raghu ni mwana wa Kakutstha, Kakutstha ni mwana wa Bhagiratha, na kati ya Raghu na Rama kuna majina zaidi ya kumi. Katika Vishnu Purana, moja ya Purana, yaani vitabu vya kale vya visa na nasaba, mambo ni mengine. Raghu ni baba wa babu yake Rama, basi: Raghu, Aja, Dasharatha, Rama. Kakutstha naye amepandishwa juu kabisa akawa mjukuu wa Ikshvaku, na jina lake limepewa kisa, kwamba alipigana upande wa miungu akiwa ameketi juu ya nundu ya fahali, na fahali huyo alikuwa Indra mwenyewe. Kinachoshangaza zaidi ni kwamba orodha ya Valmiki inawataja Nahusha na Yayati ndani ya Nasaba ya Jua, majina yale yale tuliyoyakuta katika Nasaba ya Mwezi. Toka Ikshvaku hadi Rama, Ramayana ina wafalme wapatao 35, ilhali Purana zina zaidi ya 60. Mwenye kuzidisha vizazi kwa miaka atapata majibu mawili yanayoachana kwa karne nyingi, kutegemea kitabu kilichokuwa karibu na mkono wake.

Lakini tazama kile ambacho vitabu hivyo havikutofautiana. Vyote vinakubaliana kwamba kichwa cha ukoo ni Ikshvaku, kwamba kiti kiko Ayodhya, na kwamba Rama ni mwana wa Dasharatha na mtu wa Raghu. Ncha mbili za orodha zimelindwa. Katikati ndipo palipolegea. Watunza nasaba walihifadhi chanzo kinachotoa haki na mwisho unaoitumia haki hiyo, na majina ya katikati yakapungua au yakaongezeka bila mtu kudhurika. Wanaosikiliza orodha za wazee wetu kwa makini wameliona jambo hilo hilo. Profesa Bethwell Ogot, aliyetutoka Januari 2025, hakutosheka na orodha ya ukoo mmoja katika utafiti wake wa historia ya Wajaluo wa kusini uliochapishwa mwaka 1967. Aliupima ukoo huu kwa ukoo ule, na simulizi hii kwa ile. Wanaomtaja leo ili kutetea tarehe zao wangefanya vyema kuiga subira yake.

Katika vitabu hivyo vya Kihindu kuna kisa kimoja ambacho nakipenda kuliko vyote, kwa kuwa kinaonyesha kwamba wenyewe walielewa vizuri kazi ya kusifu. Ni kisa cha Prithu, mfalme ambaye dunia inaitwa Prithivi kwa jina lake. Vishnu Purana inasimulia kwamba siku ya kuzaliwa kwake, katika sadaka iliyofanywa, walitokea malenga wawili, Suta na Magadha, wakaamriwa na wahenga wamsifu mfalme. Wakajibu kwamba mfalme amezaliwa leo, hana tendo linalojulikana, na sifa zake hazijasikika. Basi waimbe nini? Wahenga wakawaambia waimbe matendo atakayoyatenda na fadhila atakazokuwa nazo. Prithu aliposikia wimbo huo akaazimia kuishi kwa kuufuata. Sifa zilitangulia, mfalme akafuata, na kitabu kitakatifu hakikuona haya kukiri hivyo.

Baada ya hapo haishangazi kwamba watawala wengi waliozaliwa karne nyingi baadaye walijiunga na nasaba hizo. Katika karne ya 3 BK, kwenye bonde la mto Krishna kusini mwa India, walitawala wafalme waliojiita Ikshvaku, mbali sana na Ayodhya. Ukoo wa Shakya, alikozaliwa Buddha, nao ulijihesabu kuwa wa Ikshvaku. Jamii ya Lohana, iliyoenea sana hapa Afrika Mashariki, husimulia kwamba babu yao ni Lava mwana wa Rama, na ndiyo maana wengi wao hujiita Waraghuvanshi. Masingasinga wana Bachittar Natak, utungo unaonasibishwa na Guru Gobind Singh, ambao unasema kwamba ukoo wa Sodhi unatokana na Lava na ukoo wa Bedi unatokana na Kusha ndugu yake. Guru Nanak alikuwa Bedi, na Guru Gobind Singh mwenyewe alikuwa Sodhi. Kwa utungo huo wale walimu wawili, wa kwanza na wa kumi, wanakutana kwa ndugu wawili wa damu. Sidhani kwamba kuna Singasinga anayehitaji mwaka wa kuzaliwa kwa Kusha ili aelewe maana ya jambo hilo.

Kuhusu gotra sitasema mengi, kwa sababu huo ni ukoo wa aina nyingine, unaohesabiwa kwa wahenga kama Vasishtha, Kashyapa, Bharadvaja na Agastya, wala si kwa wafalme. Itoshe kusema kwamba kwa desturi watu wa gotra moja hawaoani, hata kama hakuna anayeweza kuhesabu vizazi vilivyo kati yao, na kwamba Mluhya au Mjaluo atalielewa katazo hilo mara moja.

Kuhusu tarehe pia nitakuwa mfupi. Kule Aihole, kusini mwa India, kuna maandishi ya mwaka 634 BK juu ya jiwe, yanayosema kwamba tangu vita vya Kurukshetra imepita miaka 3,735. Hesabu hiyo inavipeleka vita hivyo zaidi ya mwaka 3000 KK. Wachimbuaji wa mambo ya kale walipochimba Hastinapura, mji mkuu wa Wakuru, mwanzoni mwa miaka ya 1950, waliyakuta makazi yenye vyungu vya rangi ya kijivu ambayo kwa kawaida huwekwa baada ya mwaka 1200 KK. Tofauti hiyo haizibiki kwa kukaza sauti.

Sasa nirudi kwetu. Wamaragoli humtaja Mulogooli, Wawanga humtaja Wanga, Wajaluo humtaja Ramogi, na sina nia ya kumnyang'anya mtu babu yake. Ninachokipinga ni desturi inayokua ya kuandika mbele ya majina hayo mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa, kisha kuutumia mwaka huo kudai ardhi au kudai ukubwa. Majina mengine tunayoyaona ya kale ni ya juzi. Jina la Abaluyia, yaani Waluhya, lilianza kukubalika kwa jamii zote za iliyokuwa wilaya ya kikoloni ya Kavirondo ya Kaskazini katika miaka ya 1930 na 1940, na jina la Kalenjin lilienea katika miaka hiyo ya 1940. Hata hivyo tayari nimewasikia wasimulizi wanaomtaja mzee mmoja aliyewazaa Wabukusu, Wamaragoli, Wawanga na Wasamia kwa pamoja. Kule Rusinga na Mfangano wapo Waabasuba, ambao wengi wao leo husema Kijaluo ilhali mababu zao walivuka kutoka upande wa Uganda wakisema lugha ya Kibantu, na zipo orodha zinazowaweka ndani ya koo za Kijaluo na nyingine zinazowaacha nje. Orodha hizo hazina budi kutofautiana, kwa maana kila moja ilikuwa jibu la swali la mahali pake: nani tumwoze binti, nani tumgawie shamba, nani tumzike kwa desturi zetu.

Kwa hiyo nina ombi kwako, Mhariri. Unapochapisha nasaba ya ukoo wowote, itaje na mahali iliposimuliwa, ukoo wa msimulizi, na nyumba ya mama aliyotokea, kwa kuwa mtoto wa nyachira hasimulii kama mtoto wa mikayi. Zikifika orodha mbili za ukoo mmoja zinazopingana, zichapishe zote mbili sambamba, jina kwa jina, badala ya kuteua iliyo ndefu. Na mwaka usichapishwe ila kama msingi wake uko nje ya orodha yenyewe, iwe ni kupatwa kwa jua, barua ya mmisionari, au kitu kilichochimbuliwa na wataalamu. Ningependa pia kurasa zako zizifikie mapema familia za asili ya Kihindi za Kisumu, Kibos na Miwani, ambako wangali wazee wanaoweza kutaja gotra yao, kijiji chao cha Gujarat au Punjab, na mfalme wanayemhesabu kuwa babu yao. Watoto na wajukuu wa wengi wao wanaishi Uingereza na Kanada, na simulizi hizo hazijaandikwa kwa Kiswahili.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu wa historia,
Kisumu